Kutoa kutu kwenye chuma na kuizuia isirudi, hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale kila siku. Nimepiga rangi juu ya kutu mbona imevimba? Nimeloweka panga kwenye siki likatoka safi kabisa, kulala kuamka limekuwa rangi ya chungwa, nimekosea wapi? Chumvi inatoa kutu au inaongeza? Kila mara najibu nusunusu, sasa leo nimeamua niandike yote sehemu moja, na nitaandika kama vile umesimama hapa pembeni yangu na hicho kitu chako umekishika mkononi. Soma kwanza mpaka mwisho ndo uanze, maana kosa linaloharibu kazi za watu wengi haliko kwenye kusugua, liko baada ya kusugua.

Na kosa lenyewe nalitaja kabisa sasa hivi. Watu wanadhani kutu ikishatoka kazi imeisha, wanakiweka kitu pembeni wanaenda kula. Chuma kilichosuguliwa kikang'aa kiko uchi, hakina hata ule uchafu wa zamani wa kukikinga, na hewa inayokizunguka ina unyevu, kwa hiyo kutu mpya inaanza palepale. Ukisafisha leo, funika leo, yaani kipake rangi, mafuta au nta. Kama leo huna muda wa kufunika basi usisafishe, acha mpaka siku utakayokuwa na muda.

Kutu inatoka wapi (kidogo tu, halafu tunaanza kazi)

Ili chuma kishike kutu kinataka vitu viwili kwa pamoja, maji na oksijeni. Kimoja kikikosekana hamna kutu. Kama huamini chukua misumari mitatu mipya isiyopakwa zinki. Mmoja uweke kwenye glasi ya maji ya kawaida. Wa pili uweke kwenye maji yaliyochemka vizuri, kuchemsha kunafukuza hewa iliyomo ndani ya maji, halafu mwagia mafuta ya kupikia juu yake yafunike kabisa ili hewa isirudi. Wa tatu ufungie kwenye chupa kavu pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Baada ya siku chache wa kwanza utakuwa umeshaanza kuota kutu na hao wawili wako vilevile. Jaribio hili linakufundisha kazi yote, kila dawa na kila rangi utakayonunua inajaribu tu kukitenga chuma na maji au kukitenga na hewa.

Chumvi je? Chumvi haitafuni chuma yenyewe, inachofanya ni kuyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu kwa kweli ni kama betri ndogondogo nyingi juu ya chuma, sehemu moja inatoa elektroni nyingine inazipokea. Maji yakiwa na chumvi hiyo betri inakwenda kwa kasi. Ndo maana vitu vya karibu na bahari vinaisha haraka, na ndo maana alama ya vidole vyako vyenye jasho inaweza kujichora kwa kutu juu ya chuma kilichong'arishwa. Hata bila mvua, unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi mambo yanaanza kwenda mbio.

Jambo la mwisho kwenye nadharia. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara mbili na kuzidi. Hapo unaelewa kwa nini bolti inakwama, kwa nini rangi inavimba, kwa nini nondo ikishika kutu ndani ya zege inalipasua zege. Tena kutu ina vinyweleo, inashika maji kama sponji, kwa hiyo haikingi chuma kilichobaki chini yake. Aluminiamu nayo inaungana na oksijeni lakini tabaka lake ni jembamba limebana vizuri linaikinga, na stenlesi ina kromiamu angalau asilimia 10.5 inayofanya kazi hiyohiyo. Chuma cha kawaida hakina bahati hiyo, kutu yake inabanduka na kufungua chuma kipya, inaendelea hivyo hivyo mpaka kiishe.

Kabla ya yote: kitu chenyewe kinaokoleka?

Chukua bisibisi, choma pale penye kutu kwa nguvu kidogo, halafu gonga na nyundo ndogo. Kama ni vumbi tu la rangi ya chungwa na chini bado pagumu, hiyo ni kutu ya juujuu, kazi nyepesi. Kama kuna vishimo lakini bisibisi haizami, kinaokoleka ila hakitarudi laini kama zamani, ukubali hivyo. Kama bisibisi inapenya, au ukigonga kunalia sauti iliyokufa badala ya mlio wa chuma, hapo chuma hakipo tena, hamna dawa wala rangi itakayokirudisha, kinakatwa na fundi wa kuchomelea anaweka kipya.

Na kuna vitu nakuomba kabisa usivitengeneze mwenyewe nyumbani: ngazi unayopanda, paipu za breki, chasisi ya gari, mtungi wa gesi, nondo zilizotokeza kwenye nguzo au dari ya zege. Kutu ya vitu hivyo haipimwi kwa macho. Mtungi wa gesi wenye kutu rudisha ulikouchukua. Nguzo iliyopasuka na kutoa michirizi ya kahawia usiipige plasta juu ukaona umemaliza, nondo zinaendelea kuvimba humo ndani wewe huzioni. Tafuta mtu wa ujenzi anayejua.

Vitu vya kuandaa

Viweke vyote karibu kabla hujalowesha kitu, sio unaanza kutafuta kitambaa huku chuma kimelowa:

- brashi ya waya, stilwuli, na msasa wa aina mbili, mkali na laini
- siki nyeupe ya kawaida, au sitriki asidi ya unga
- ndoo au beseni la plastiki (sio la bati wala aluminiamu, asidi italila)
- sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani
- baking soda, ukikosa hata magadi
- vitambaa vikavu vingi kuliko unavyodhani
- kitu cha joto cha kukaushia: jua kali, jiko, au ile mashine ya kukaushia nywele
- glavu, miwani ya kukinga macho, barakoa
- kifuniko cha mwisho: praima (rangi ya msingi inayopakwa kwanza) na rangi, au mafuta ya cherehani, au nta, kutegemea kitu chako

Hicho cha mwisho ndo watu wanasahau kununua.

Hatua zenyewe

1. Jua umeshika chuma gani. Weka sumaku. Ikishika vizuri kuna chuma. Kama juu kina rangi ya kijivu yenye mabakamabaka kama maua, hicho kimepakwa zinki, na ule unga mweupe unaouona juu yake sio kutu ya chuma ni zinki inayojitoa mhanga ili chuma kisiliwe. Usikiloweke kwenye siki, asidi itaimaliza zinki kwanza na utabaki na chuma uchi, umejiharibia mwenyewe. Sehemu zenye kutu tu zisugue kwa mkono kisha pitisha praima yenye zinki. Vitu vya kromu vinavyong'aa kama kioo, mfano usukani wa baiskeli, navyo usivipeleke kwenye brashi ya waya. Kunja kipande cha foili ya aluminiamu, kichovye kwenye maji, sugua taratibu. Aluminiamu ni laini kuliko kromu kwa hiyo haikwaruzi, na kutu inatoka vizuri mno.

2. Osha mafuta na matope. Maji ya moto, sabuni, mswaki. Hatua hii inaonekana ya kitoto lakini ukiiruka siki haitafika kwenye kutu, itateleza juu ya grisi na utakaa masaa 12 unasubiri kitu ambacho hakitatokea. Suuza vizuri, hasa kama kitu kilikuwa karibu na bahari, maana chumvi iliyojificha kwenye vishimo ndo inayorudisha kutu sehemu ileile kila mwaka.

3. Kifungue kama kinafunguka. Kutu ya hatari inakaa kwenye maungio, chini ya washa, ndani ya bawaba. Bolti ikigoma usilazimishe kwa hasira, utaikata kichwa. Weka mafuta mepesi ya kupenya, subiri, gonga kichwa chake na nyundo mara kadhaa, weka tena, ikiwezekana iache usiku kucha. Asubuhi jaribu kwanza kuikaza kidogo ndo uilegeze, ule msukosuko wa kwenda na kurudi unavunja kutu iliyoibana. Moto unasaidia pia kwa sababu chuma kinatanuka, ila usiwashe moto juu ya kitu ulichokimwagia mafuta muda si mrefu, wala karibu na tangi la mafuta, tairi au springi iliyobanwa. Piga picha kila unapofungua, utazihitaji wakati wa kurudishia.

4. Kwangua kavu. Kila kinachotoka kwa brashi ya waya kitoe sasa hivi, usiiachie siki kazi ya kula magamba mazito. Vaa miwani, narudia, vaa miwani, ile brashi inarusha vijiwaya na kimoja kikiingia jichoni hutakuwa unasoma miongozo tena utakuwa hospitali. Kama kuna rangi ya zamani sana usiipige msasa ikiwa kavu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, vumbi lake ni sumu, na kwa watoto wadogo ni mbaya zaidi. Ilowanishe kwanza, kwangua ikiwa mbichi, kusanya takataka zote uzifunge, watoto wasiwe hapo.

5. Loweka. Mimina siki mpaka kitu kizame chote. Sehemu itakayobaki nusu ndani nusu nje, pale kwenye mstari wa siki na hewa patalika vibaya na patabaki na alama. Siki ya jikoni huwa na asidi ya asetiki kama asilimia 5 tu hivyo ni ya polepole, kutu nyepesi angalia baada ya saa moja au mbili, nzito acha usiku mmoja. Mimi napenda zaidi sitriki asidi, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji ya moto, harufu yake haisumbui na inakwenda haraka zaidi. Kila baada ya muda toa, sugua na mswaki, rudisha. Kitu kikubwa kisichoingia kwenye ndoo kizungushie vitambaa vilivyolowa siki, halafu funga kwa nailoni visikauke.

Sasa maonyo ya hatua hii, yasome yote. Asidi haichagui, ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe, kwa hiyo usiloweke Ijumaa ukaja kukumbuka Jumatatu. Usichanganye siki wala asidi yoyote na dawa ya klorini ya kufulia, inatoka gesi ya klorini, inaua. Viputo unavyoviona vikipanda ni haidrojeni, inashika moto, kwa hiyo fanyia nje au dirisha wazi na usifunge chombo kwa kifuniko kikaza. Springi na bolti ngumu za mashine usiziloweke muda mrefu, haidrojeni hiyohiyo inaingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike ghafla siku nyingine kikiwa kazini. Mpini wa mbao utoe, au uning'inize ubaki nje.

Wengi wananiuliza kuhusu limao na chumvi. Inafanya kazi, asidi ya limao inayeyusha kutu na chumvi inasaidia kukwangua, kwa doa dogo ni sawa kabisa. Shida ni kwamba ukiacha chembe ya chumvi hapo umeshapanda mbegu ya kutu mpya, kwa hiyo suuza mara tatu. Soda nyeusi ya kunywa nayo ina asidi ya fosforiki kidogo, inafanya kazi taratibu, ila sukari yake inanata kila mahali, mimi sioni faida. Ile njia ya maji ya magadi na chaja ya betri, ya kupitisha umeme kati ya kitu chako na kipande kingine cha chuma ndani ya maji ili kutu iachie, ni nzuri na haili chuma kizima, lakini kama ndo unaanza leo iache kwanza. Na siku ukiijaribu, kitu chako kiwe upande wa hasi, usitumie chumvi badala ya magadi maana utatengeneza klorini, na usitumie kabisa kipande cha stenlesi upande wa chanya, kinatoa kromiamu ya sumu kwenye maji.

6. Suuza na uue asidi. Toa, suuza kwa maji mengi, kisha chovya kwenye maji yenye kijiko kimoja cha baking soda kwa lita, dakika chache tu, huku unasugua kwenye kona na mikunjo. Asidi ikibaki kwenye kona itaendelea kutafuna chini ya rangi yako. Mwishie na maji ya moto kabisa, unayoweza kuvumilia ukiwa na glavu, kwa sababu chuma kikitoka kwenye maji kikiwa cha moto kinajikausha chenyewe haraka.

7. Kausha papo hapo. Hapa ndo pale nilipokuambia mwanzoni. Chuma kikitoka kwenye asidi kinaweza kuota ukungu wa rangi ya chungwa ndani ya dakika chache tu, unakitazama hivi. Usikiache kijikaushe chenyewe kwenye kamba. Futa na kitambaa kikavu, badilisha kitambaa, futa tena, halafu kipe joto mpaka ukikigusa kiwe na uvuguvugu kote, na yale matundu na maungio ndo uyape muda mrefu zaidi. Ukungu ukitokea usianze upya, pitisha stilwuli kavu ufute vumbi uende hatua ya 8 bila kusimama.

8. Funika. Hapa inategemea kitu chako kinafanya kazi gani, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndo moyo wa kazi.

Kitu cha kukaa nje na kisichosuguana, kama geti, grili, meza ya bustani, kinataka rangi. Anza na praima ya chuma, redi oksaidi au ile yenye zinki, usianze na rangi ya mapambo moja kwa moja. Kabla ya kupaka sehemu pana chukua brashi ndogo upitishe praima kwenye kingo zote, kwenye mishono ya kuchomelea, kwenye vichwa vya bolti na ndani ya kona. Kwenye ncha kali rangi inajivuta inabaki nyembamba, na kutu ya geti karibu kila mara inaanzia hapohapo. Kisha mkono wa kwanza, subiri ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, mkono wa pili, halafu rangi ya juu nayo mikono miwili. Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mzito unaotiririka. Usipake asubuhi na mapema chuma kikiwa na umande hata kama hauuoni, kiguse na tishu kavu kwanza. Na usidhani rangi ni ya milele, mnara wa Eiffel kule Paris ulifunguliwa 1889 na umekuwa ukipakwa rangi upya kila baada ya miaka 7 hivi, chuma kizuri kile na bado kinataka nguo.

Kama kuna kutu kwenye vishimo ambayo imekataa kabisa kutoka, kuna dawa ya kugeuza kutu, ina asidi ya tanini au ya fosforiki, inaibadilisha kutu kuwa tabaka jeusi lililotulia halafu unapaka rangi juu. Ni msaada mzuri ila sio mkato. Magamba yanayobanduka lazima yatoke kwanza, na ukiipaka kwenye chuma kisafi kabisa haina cha kugeuza.

Vifaa vya kazi, spana, patasi, jembe, mkasi wa bustani, hivi rangi itachubuka tu. Vinataka mafuta mepesi, na mafuta ya cherehani yanatosha kabisa. Paka, futa, kibaki kiasi cha kung'aa tu, ukipaka mengi yanakusanya vumbi na vumbi linashika maji. Mafuta ya kupuliza kama WD-40 yanafukuza maji vizuri na yanasaidia kulegeza bolti, lakini ni mepesi, ukitegemea hayo tu kwa kitu cha kukaa stoo miezi mingi utakuta kutu. Kwa kuhifadhi muda mrefu weka grisi au nta. Kitu kimoja naomba uache, kupaka oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Najua watu wengi wanafanya, lakini ile oili ina vitu vinavyoweza kuleta kansa vikikaa kwenye ngozi mara kwa mara, na wewe hilo jembe unalishika kila siku.

Nina patasi ya marehemu babu yangu, niliikuta imefungwa kwenye gunia imekuwa kahawia yote, nilidhani ni ya kutupa. Ilikaa kwenye sitriki asidi usiku mmoja, ikabaki na vishimo upande wa nyuma lakini makali yamerudi, na mpaka leo kila nikimaliza kuitumia naifuta na kitambaa chenye mafuta ambacho nakiweka humohumo kwenye boksi la vifaa. Sekunde kumi tu, na haijawahi kushika kutu tena.

Kikaango kizito cha chuma na vitu vingine vinavyogusa chakula usiweke rangi wala oili ya mashine. Kikaushe jikoni mpaka kiwe cha moto, paka mafuta ya kupikia kote ndani na nje na kwenye mpini, halafu yafute yote kama vile umekosea kuyapaka, lile tabaka jembamba usiloliona ndo linalotakiwa. Kiweke kwenye oveni kikiwa kimepinduliwa, nyuzi 230 mpaka 250 hivi, kwa saa moja, kiache kipoe humohumo. Rudia mara tatu au nne. Mafuta yanageuka kuwa tabaka gumu jeusi, hilo ndo kinga na hilo ndo linafanya chakula kisigande.

9. Ondoa kilicholeta kutu. Rudi uangalie pale kitu kinapokaa. Maji yanatuama wapi? Geti lenye paipu iliyozibwa juu na chini, maji yakiingia hayatoki, toboa tundu dogo chini. Vifaa visilale kwenye sakafu ya saruji wala kwenye udongo, vining'inize. Usifunge kitu kwa nailoni kikiwa na unyevu, unakipikia kutu. Na usikutanishe chuma na shaba mahali penye maji, ile betri niliyoitaja mwanzoni inakuwa kubwa na chuma ndo kinacholiwa. Sanamu ya Uhuru ya New York ilipata shida hiyohiyo, mifupa yake ya ndani ni chuma na ngozi ni shaba, kile walichoweka katikati kuvitenganisha kiliharibika kwa miaka na chuma kikaliwa, mpaka kwenye ukarabati mkubwa wa miaka ya 1980 vyuma vile vikatolewa vikawekwa vya stenlesi. Wewe weka tu washa ya plastiki au ya mpira katikati.

Kabla sijasahau, pepopunda. Kutu yenyewe haileti pepopunda, bakteria wake wanaishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, ila msumari wenye kutu mara nyingi umelala kwenye uchafu huohuo na unachoma kwa kina. Ukijichoma osha kwa maji na sabuni uende kituo cha afya wakuangalie chanjo, hata kama msumari ulikuwa unang'aa.

Mambo yakienda kombo

Kimetoka kwenye siki kikiwa cheusi. Usiogope, huo ni mabaki yanayokaa juu baada ya asidi kufanya kazi, sugua na stilwuli na sabuni vitatoka. Weusi mwepesi ukibaki hauna madhara.

Siki imekaa usiku kucha na kutu iko palepale. Ama kulikuwa na mafuta hukuosha, ama siki imeishiwa nguvu. Ikishakuwa ya kahawia nzito na viputo vimekoma, mwaga weka mpya.

Rangi imevimba kama malengelenge. Chini yake kuna kutu, unyevu au mafuta. Kupaka juu ya lengelenge hakusaidii, kwangua mpaka uone chuma kinachong'aa na uendelee kama vidole viwili nje ya pale rangi ilipoishia kubanduka, kwa sababu kutu inatembea chini ya rangi nzima bila wewe kuiona. Halafu praima, halafu rangi.

Kutu inarudi sehemu moja tu kila mwaka. Hapo kuna chumvi kwenye vishimo au maji yanatuama. Osha kwa maji ya moto mengi, kausha, rudia kuosha, ndo upake. Na tazama juu yake, mara nyingi kuna tone linadondokea hapo.

Bolti imekatika kichwa. Acha kuipiga. Kama imebaki kipande kilichochomoza kishike na koleo ya kubana huku umeweka mafuta ya kupenya, ikishindikana inatobolewa katikati, na kama hujawahi kufanya hivyo mpe fundi kabla hujaharibu nyuzi za ndani.

Kikaango kinanata baada ya oveni. Mafuta yalikuwa mengi. Kirudishe kwenye joto lilelile saa nyingine moja bila kuongeza mafuta, mara nyingi kinakauka, kikigoma sugua uanze na tabaka jembamba.

Cheni ya baiskeli imeshika kutu na imekakamaa. Usiiloweke kwenye siki, ni chuma kigumu na vipini vyake vinaweza kukatika. Isugue na kitambaa chenye mafuta, zungusha pedali kurudi nyuma huku unaweka tone moja kwenye kila ungio, futa ya nje yote. Kama baada ya hapo bado kuna viungo visivyokunja, nunua nyingine.

Doa la kutu kwenye nguo nyeupe. Usiweke dawa ya klorini, inalikaza doa lisitoke tena. Weka maji ya limao au sitriki asidi, acha dakika 15 au 20 mpaka doa lififie, suuza kabisa kabisa, rudia likibaki, na nguo ya rangi ijaribu kwanza upande wa ndani wa pindo.